Ukahaba, Sheria na Makosa ya Kubaka

Tarehe 4 Desemba, 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, yenye makao yake mjini Arusha, ilitoa maoni ya ushauri ambayo hayakuzungumzwa sana mitaani, ingawa yanazigusa karibu nchi zote za sehemu hii ya Afrika zilizopata kutawaliwa na Mwingereza. Mahakama ilisema kwamba sheria za uzururaji, yaani zile zinazompa askari mamlaka ya kumtia mtu mbaroni kwa sababu tu anaonekana hana kazi wala makazi, zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu, na kwamba nchi zenye sheria hizo zapaswa kuzibadili au kuzifuta.

Sheria hizo asili yake ni ya mbali. Mwaka 1824 Bunge la Uingereza, likiwa na hofu ya maskini na askari waliorudi kutoka katika vita vya Napoleon bila ya kazi, lilipitisha sheria ya kuwafagia watu hao barabarani. Ndani yake alitajwa pia kahaba anayetembea hadharani kwa mwenendo usio wa heshima. Miaka mia moja hivi baadaye, wakoloni walipoziandikia Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland vitabu vyao vya sheria za jinai, waliyabeba maneno hayo hayo wakayaleta huku. Wakoloni waliondoka, maneno yakabaki.

Mjadala juu ya ukahaba kwa kawaida huendeshwa kama mjadala wa maadili. Upande mmja husimama wazee wa dini na wazazi, wakisema kwamba biashara hiyo inavunja nyumba na kuwaharibu vijana. Upande mwingine husimama watetezi wa haki, wakisema kwamba mwanamke mzima hapaswi kufungwa kwa jambo alilolifanya kwa hiari yake. Hoja zote mbili zimekwisha sikiwa mara nyingi. Lakini lipo swali jingine, ambalo haliwezi kujibiwa kwa mahubiri wala kwa hotuba: sheria za ukahaba zinapokazwa au zinapolegezwa, je, makosa ya kubaka huzidi, hupungua, au hubaki pale pale? Hilo ni swali la hesabu, na tangu miaka ya 2010 wamejitokeza wataalamu waliojaribu kulifanyia hesabu.

Mfano unaotajwa zaidi unatoka Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote ya Marekani, lenye watu kiasi cha milioni moja. Kilichotokea huko hakikupangwa na mtu yeyote. Mwaka 1980 wabunge wa jimbo hilo, wakisukumwa na malalamiko ya wakazi wa mji wa Providence juu ya wanawake waliokuwa wakisimama barabarani usiku, na pia na kesi iliyokuwa imefunguliwa kulalamikia ukali wa sheria ya zamani, waliiandika upya sheria ya ukahaba. Nia yao ilikuwa kesi za barabarani ziishe upesi. Katika kuandika, wakakiacha nje kifungu kilichohusu tendo lenyewe linapofanyika ndani ya nyumba. Kosa likabaki kuwa kuombaomba wateja njiani. Kilichofanyika nyuma ya mlango uliofungwa hakikuwa tena kosa, na kwa zaidi ya miaka 20 watu wengi, polisi wakiwamo, hawakulitambua jambo hilo.

Mwaka 2003 polisi wa Providence walivamia nyumba kadhaa zilizojiita za kukanda mwili, wakawakamata wanawake na kuwafikisha mahakamani. Wakili wao alimfungulia hakimu kitabu cha sheria. Hakimu hakuwa na la kufanya ila kuyafuta mashtaka. Kuanzia siku hiyo jimbo zima likajua kwamba biashara hiyo ikifanyika ndani ni halali. Nyumba ziliongezeka, matangazo yakaongezeka, na bei ikashuka. Hali hiyo iliendelea hadi Novemba 2009, wakati Gavana Donald Carcieri alipotia sahihi sheria mpya iliyoliziba pengo hilo.

Basi ikawa kana kwamba jimbo zima lilitiwa katika majaribio ya miaka sita. Wachumi wawili, Scott Cunningham na Manisha Shah, waliilinganisha Rhode Island na majimbo mengine ambayo kabla ya 2003 mwenendo wake wa uhalifu ulifanana nayo. Matokeo ya uchunguzi wao, yaliyochapishwa katika jarida la wachumi mwaka 2018, yaliwashangaza wengi. Ukahaba wa ndani uliongezeka, kama kila mtu alivyotazamia. Lakini makosa ya kubaka yaliyoandikwa na polisi wa jimbo lote, siyo yale yaliyowapata makahaba peke yao, yalipungua kwa karibu asilimia 30. Ugonjwa wa kisonono kwa wanawake nao ulipungua kwa karibu asilimia 40.

Hesabu ya namna hiyo haikufanyika Marekani pekee. Katika Uholanzi, kuanzia Den Haag mwaka 1983, miji tisa ilitenga sehemu maalumu za barabara ambako makahaba waliruhusiwa kusimama kwa saa zilizowekwa, polisi wakilinda na wauguzi wakiwa karibu. Baadhi ya miji, kama vile Amsterdam na Rotterdam, baadaye iliyafunga maeneo hayo. Wachunguzi walipoichambua miji mikubwa 25 ya nchi hiyo, waliona kwamba katika miaka miwili ya kwanza baada ya eneo kama hilo kufunguliwa, makosa ya kubaka na ya kudhalilisha kwa zinaa yaliyoandikwa na polisi yalipungua kwa asilimia 30 hadi 40. Inafaa ielezwe kwamba nafuu ilidumu zaidi katika miji iliyowataka wanawake hao wawe na vibali. Na mwaka 2022 uchunguzi mwingine, uliozilinganisha sheria za nchi nyingi za Ulaya, ulisema kwamba mahali sheria ilipolegezwa makosa ya kubaka yalipungua, na ilipokazwa yaliongezeka. Tena, madhara ya kukaza yalikuwa makubwa kuliko faida ya kulegeza.

Hata hivyo, yafaa msikilizaji asizimeze takwimu hizi bila ya kuzitafuna. Idadi ya makosa ya kubaka ni katika takwimu ngumu kuliko zote. Polisi hawahesabu makosa yaliyotendeka. Wanahesabu yale yaliyoletwa mbele ya meza yao. Uswidi ni mfano mzuri wa hatari hiyo. Mwaka 1999 nchi hiyo ilikuwa ya kwanza duniani kupitisha sheria inayomwadhibu mwanamume anayenunua na kumwacha mwanamke anayeuza. Baadaye ukatokea uchunguzi uliodai kwamba sheria hiyo imeongeza kubaka. Lakini wataalamu wengine walipoipitia upya hesabu ile, walieleza kwamba ina kasoro na kwamba haiwezi kulibeba dai hilo. Isitoshe, mwaka 2005 Uswidi iliipanua maana ya kosa la kubaka katika sheria yake, na ikaipanua tena mwaka 2018. Nchi inayopanua maana ya kosa itaona kosa hilo likizidi katika vitabu vyake hata kama barabarani hakuna kilichobadilika. Mtu anayezisoma takwimu za Uswidi bila ya kulijua hilo atapotea njia mchana.

Ugumu mwingine ni wa kueleza sababu. Kwa nini kubaka kupungue pale ukahaba unapoachwa? Wapo wanaosema kwamba mwanamume asiyepata kwa fedha hutumia nguvu, na akipata kwa fedha huacha nguvu. Maelezo haya ni mepesi, na ndiyo yanayopendwa vijiweni. Lakini yana udhaifu mkubwa. Wabakaji wengi ni watu wanaojulikana na waliobakwa: jamaa, jirani, mwajiri, mwalimu, hata mume. Hao hawakukosa fedha wala wanawake. Wanachotafuta ni kumtawala mtu asiyeweza kuwakatalia. Zaidi ya hayo, hoja hiyo ikifikishwa mwisho wake, ina maana kwamba kundi moja la wanawake, lililo maskini zaidi, liwekwe mbele kama ngao ya wanawake wengine. Hakuna serikali yenye heshima inayoweza kuandika sheria kwa msingi huo.

Maelezo ya pili ni ya taratibu zaidi, lakini yana uzito. Mwanamke anayefanya biashara iliyo kosa hawezi kwenda polisi. Akibakwa na mteja, akienda kushtaki atakuwa amejishtaki mwenyewe kwanza. Mbakaji analijua hilo. Ndiyo sababu mtu mwenye tabia hiyo huanza kwa makahaba: wanapanda gari la mtu wasiyemjua, wanakwenda mahali pa giza ili wasionekane na askari, hawana muda wa kumchunguza mteja, na kesho hawatasema lolote. Mtu huyo asipokamatwa kwa wa kwanza na wa pili, wa tatu anaweza kuwa mwanafunzi anayetoka shule au muuguzi anayetoka zamu. Sheria ikibadilika mwanamke akaweza kusema, mbakaji hukamatwa mapema, kabla hajapata ujasiri. Pia wanawake wanaofanya kazi wawili watatu katika nyumba moja husaidiana kwa kelele tu, jambo ambalo sheria za nchi nyingi hulikataza kwa kuliita danguro. Na askari aliyekuwa akipoteza usiku wake kuwafukuza makahaba hupata nafasi ya kushughulikia makosa mazito.

Maelezo haya ya pili yanaungwa mkono na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018, ambao ulikusanya maandishi ya miaka mingi kutoka nchi 33. Wachunguzi walionyesha kwamba makahaba waliopata kukamatwa, kufungwa au kuandamwa na polisi walikuwa katika hatari karibu mara tatu ya kupigwa au kubakwa, wakilinganishwa na wenzao ambao hawakupatwa na hayo. New Zealand, iliyoufuta ukahaba katika orodha ya makosa mwezi Juni 2003, kwa kura 60 dhidi ya 59, iliunda kamati ya kuitazama sheria hiyo. Taarifa ya kamati, iliyotolewa mwaka 2008, ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wanawake waliohojiwa walisema sasa wanaweza kumkataa mteja wasiyemtaka kwa urahisi kuliko zamani. Mwaka 2014 mwanamke mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika danguro mjini Wellington alimshtaki mwenye danguro kwa kumsumbua kwa maneno ya kumdhalilisha, akashinda na kulipwa fidia ya dola za nchi hiyo 25,000. Katika nchi nyingi kesi ya namna hiyo isingefika hata mlangoni mwa mahakama.

Lakini kwa upande mwingine, mwaka 2013 wachunguzi watatu waliozilinganisha nchi zipatazo 150 waliona kwamba nchi zilizohalalisha ukahaba, kwa wastani, ndizo zinazoripotiwa kuingiziwa watu wengi zaidi kwa njia ya biashara haramu ya binadamu. Soko likipanuka, mfanyabiashara mwovu hutafuta bidhaa. Hata katika Rhode Island, waliotaka sheria ibadilishwe mwaka 2009 walitoa hoja kwamba baadhi ya wanawake katika nyumba zile walikuwa wageni waliofungwa kwa madeni. Hoja hii haifai kupuuzwa. Nchi inaweza kuona kubaka kunapungua katika takwimu zake, na wakati huo huo ikawa na chumba kilichofungwa kwa nje ambamo binti wa nchi nyingine hajui hata jina la mji alimo. Huyo hahesabiwi popote.

Je, nchi zetu zinasimama wapi katika suala hili? Ni dhahiri kwamba takwimu za Providence na Amsterdam haziwezi kuhamishwa zikapandwa hapa kama mche wa mkahawa. Lakini lile la pili, la mwanamke asiyeweza kwenda polisi, linajulikana hapa vizuri.

Tuchukue Malawi. Mwaka 2009, katika mji wa mpakani wa Mwanza, polisi waliwakusanya wanawake kutoka katika vilabu vya pombe, wakawapeleka hospitali kupimwa virusi vya Ukimwi bila ya ridhaa yao. Kisha baadhi yao walishtakiwa kwa kueneza ugonjwa, na majibu ya vipimo yakasomwa mahakamani mbele ya watu. Wanawake 11 walikwenda Mahakama Kuu. Walisubiri hadi Mei 2015, wakati mahakama iliposema kwamba walivunjiwa haki zao za katiba. Katika muda huo wote, mwanamke gani wa Mwanza, akibakwa na dereva wa lori, angethubutu kwenda katika kituo kile kile cha polisi?

Mwaka uliofuata likatokea jambo jingine, mjini Dedza. Wanawake 19 walikamatwa, wakatiwa hatiani kwa kuishi kwa mapato ya ukahaba. Mwezi Septemba 2016 Jaji Zione Ntaba wa Mahakama Kuu alizifuta hukumu hizo. Alieleza kwamba kifungu kile kiliwekwa kuwalinda wanawake dhidi ya watu wanaowanyonya, wala hakikuwekwa kuwaadhibu wanawake wenyewe kwa kula jasho lao. Hapa panafaa kutuliwa kidogo. Kwa muda mrefu, katika nchi zaidi ya moja, sheria iliyotungwa kumkamata mnyonyaji imetumika kumkamata anayenyonywa, kwa sababu anayenyonywa ndiye anayeonekana barabarani na ndiye asiye na wakili. Mnyonyaji yuko ndani, na mara nyingine anafahamiana na askari.

Uganda inakwenda njia iliyo kali zaidi. Sheria yake ya jinai inalitaja tendo lenyewe la ukahaba kuwa ni kosa ambalo kifungo chake kinaweza kufika miaka saba. Kweli, mwezi Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilivifuta vifungu vya uzururaji vilivyokuwa vikitumiwa kuwazoa watu mitaani, lakini kosa la ukahaba lilibaki. Inafaa kukumbuka mwaka 2017, ambapo kati ya Mei na Septemba wanawake wapatao 20 waliuawa pembezoni mwa miji ya Entebbe na Nansana. Wengine walikuwa wamebakwa. Mapema sana likazuka neno kwamba marehemu walikuwa makahaba, na neno hilo likawa kama jibu la swali lote, hata kwa wale ambao hawakuwa hivyo kabisa. Mtu akiisha kuitwa kahaba, kifo chake huonekana kama ajali ya kazi. Hilo si jambo la sheria peke yake, lakini sheria inayomwita mhalifu inalitia nguvu.

Katika Kenya, tendo lenyewe halitajwi waziwazi kuwa kosa katika sheria kuu ya jinai. Kilichokatazwa ni kuishi kwa mapato yake na kutafuta wateja, na zaidi ya hapo ziko sheria ndogo za miji, ambazo ndizo zinazotumika zaidi usiku. Mwaka 2006 Bunge la nchi hiyo lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyoletwa na Mheshimiwa Njoki Ndung'u, na hiyo ilikuwa hatua kubwa. Ilizuia, kwa mfano, mwanamke aliyebakwa asihojiwe ovyo juu ya wanaume wake wa zamani. Lakini katika safari yake bungeni sheria hiyo ilipachikwa kifungu kilichosema kwamba anayemsingizia mtu kosa la kubaka atapewa adhabu ile ile ambayo mshtakiwa angeipata. Kwa mke wa mtu mwenye cheo kifungu hicho kilikuwa tishio. Kwa mwanamke ambaye askari wanamjua kwa kumkamata kila wiki, kilikuwa mlango uliofungwa. Kilidumu miaka sita, kikafutwa mwaka 2012.

Wataalamu waliochapisha makisio yao mwaka 2014, wakitumia hali ya Mombasa, walisema kwamba kama ukatili wa kijinsia dhidi ya makahaba ungekomeshwa, maambukizo mapya ya Ukimwi miongoni mwao na wateja wao yangeweza kupungua kwa asilimia 17 katika miaka kumi. Haya ni makisio, wala si hesabu ya vitu vilivyotokea. Lakini yanaonyesha kwamba anayedhani mambo ya wanawake hao yanaishia kwao anajidanganya. Mteja ana mke, na mke ana mtoto tumboni.

Kwa sasa macho ya wengi yanaitazama Afrika ya Kusini, nchi yenye idadi kubwa mno ya makosa ya kubaka. Mwezi Desemba 2022 serikali yake ilichapisha muswada wa kuufuta ukahaba katika orodha ya makosa ya jinai, kwa anayeuza na kwa anayenunua pia. Waziri wa Sheria alieleza wazi kwamba moja ya shabaha ni kupunguza ukatili dhidi ya wanawake. Mwaka 2023 muswada huo ulirudishwa nyuma kabla ya kufika bungeni. Washauri wa sheria wa serikali walisema kwamba haitoshi kufuta kosa. Ni lazima kwanza ziandikwe kanuni za kuiendesha biashara yenyewe: nyumba zake ziwe wapi, nani atazikagua, na msichana aliye chini ya umri atatambuliwaje mlangoni. Maswali hayo ni ya haki, na Uholanzi ilihitaji miaka mingi kuyajibu. Wakati yanatafutiwa majibu, sheria ya zamani ndiyo inayofanya kazi katika vituo vya polisi vya Johannesburg na Durban, na mwanamke anayekuja pale usiku wa manane na nguo zilizochanika, jambo la kwanza anaulizwa ni alikuwa akifanya nini barabarani saa hizo.